Barua ya wazi kwa wahitimu: jina la waziri tumeshaliona

Wanangu wahitimu,

Salamu ziwafikie popote mlipo. Naandika nikiwa na kero, na sioni sababu ya kuificha. Kwa muda sasa nasoma mapendekezo mnayoleta ya watu wa kutunukiwa shahada za heshima. Majina ni yale yale: waziri, tajiri, waziri mstaafu, mtoto wa tajiri. Juzi nimesoma barua ndefu imesheheni sifa: mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye maono, mpenda watu. Nikatafuta alichofanya mtu huyo, hata kitendo kimoja chenye mahali na mwaka, sikukiona. Nilichokiona ni kwamba mwandishi anatafuta kazi.

Mnamjua Hamilton Naki wa Afrika Kusini? Aliingia Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani. Mwaka 1954 daktari mmoja mtafiti alitaka mtu wa kumsaidia kumshika twiga aliyepigwa nusukaputi, akaitwa Naki. Hakurudi tena moja kwa moja kwenye maua. Alibaki maabara, akajifunza upasuaji wa wanyama kwa kutazama na kujaribu, mpaka madaktari wenye shahada zao wakawa wanafundishwa naye kupandikiza viungo. Alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani. Shahada ya uzamili ya heshima ya tiba aliipata 2003, na 2005 akafariki.

Mtaniambia ulikuwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Sawa, lakini utawala ule uliondoka 1994. Miaka tisa yote iliyofuata, wale madaktari aliowafundisha kushona mishipa ya damu walikuwa wanasubiri nini? Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nanyi mna Naki wenu. Yupo fundi wa maabara aliyewaonyesha kazi profesa akiwa safarini. Yupo mkunga. Yupo mzee anayejua lugha ambayo chuo kizima hakina mtu wa kuiandika. Mnawajua kwa majina, mnawaamkia njiani, kisha mnaketi kumwandikia mheshimiwa!

Na mkiwaandikia, msitie chumvi. Naki alipofariki, magazeti makubwa duniani yaliandika kwamba alishiriki upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu wa mwaka 1967. Hakushiriki, na magazeti yakalazimika kujisahihisha. Kazi yake halisi ilimtosha kabisa. Uongo wa wampendao ndio ulioitia doa.

Kuhusu wafadhili, sisemi anayetoa pesa asitazamwe. Oseola McCarty wa Mississippi, Marekani, aliacha shule darasa la sita, akafua nguo za watu maisha yake yote. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba ametenga dola 150,000, zaidi ya nusu ya akiba yake, zisomeshe wanafunzi wasiojiweza. Mwaka uliofuata Harvard ikampa udaktari wa heshima. Mkileta mfadhili wa namna hiyo, nitasimama kumpigia makofi.

Walio madarakani waacheni kwanza watoke. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa Robert Mugabe shahada ya heshima mwaka 1984, kikamvua 2007.

Mengine kwa kifupi. Someni masharti ya chuo, maana vingi havipokei mtu aliyejipendekeza mwenyewe. Msimwambie mnayempendekeza. Barua za kumuunga mkono zisitoke kwa ndugu zake. Mpendekezeni angali hai.

Lawama si zenu peke yenu. Jamii yetu imeufanya udaktari kuwa pambo la shingoni. Zimezuka taasisi zinazouza joho na cheti kwa yeyote mwenye pesa, na Jumatatu mnunuzi anataka aitwe Dakta hata kwenye kadi ya harusi. Sisi nasi tunamwita. MIT, chuo mashuhuri cha teknolojia cha Marekani, haitoi shahada za heshima kabisa, na nikiwa na hasira huona wamejiepusha na mengi. Hasira ikipoa namkumbuka mtunza bustani yule amevaa joho akiwa mzee, nikaona afadhali zitolewe.

Basi wanangu, dirisha la mapendekezo likifunguliwa leteni ukurasa mmoja tu. Andikeni nani, amefanya nini, wapi, lini, na nani alishuhudia. Namba ya simu ya huyo shahidi muiweke, kwa sababu nitampigia.

Mzee wenu