Barua kwa Mwanangu: Dume Anayerudi Palepale

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huyo nyuki bambi (nyuki mnene mwenye manyoya) wa huko Kent, Uingereza, anayevuma mbele ya shimo shinani mwa mti kisha anaondoka bila kugusa ua lolote, usimchimbie. Hapo hakuna kiota. Ni dume, anakagua harufu aliyoipaka mwenyewe. Huku kwetu hatunao. Wale weusi wanaotoboa boriti ni nyuki seremala.

Asubuhi dume hung'ata ukingo wa jani au gamba la mti, akaupangusa kwa ulimi na kwa manyoya ya tayani, kama masharubu. Mafuta hayo ya harufu hutoka kwenye tezi za mdomo zilizomjaa kichwani, wala si mkiani kama wengi wanavyodhani. Akishapaka sehemu kadhaa, huzizungukia siku nzima, na madume wenzake hupita njia hiyohiyo bila ugomvi. Mvua ikinyesha harufu huoshwa, naye hurudia kupaka. Kwa hiyo ukienda mara tu baada ya mvua usikate tamaa upesi.

Kila spishi ina mchanganyiko wake wa mafuta, tena ina kimo chake cha kupita. Bombus hortorum (Bombus ni jina la kisayansi la nyuki bambi) hupita chini, kwenye mashina na vichaka; Bombus lapidarius hupaka juu kwenye vilele, na huko shingo itakuuma bure. Wako wa shinani nadhani ni hortorum: tafuta mistari mitatu ya njano, mkia mweupe na uso mrefu. Dume ana pingili 13 kwenye kila papasi, jike 12, na mguu wa nyuma wa dume hauna kile kikapu cha chavua, bapa na kinachong'aa. Hana mwiba. Ila hakikisha kwanza ndipo umshike, maana jike huchoma na kurudia.

Kumfuata peke yako ni kazi bure, atakupotea kwenye kona ya kwanza. Mwanasayansi Charles Darwin, hapohapo Kent kati ya 1854 na 1861, aliwapanga watoto wake watano au sita, kila mmoja kwenye kituo chake. Aliyemwona nyuki alipiga kelele, wenzake wakajiandaa. Waite wanabweni wenzako. Kumtambua mmoja mmoja, mnyunyizie unga mkavu kidogo sana mgongoni. Ukizidisha atasimama kujisafisha na hutamwona tena kwa muda.

Dume huzunguka hivyo akitafuta malkia wa kumpanda, lakini usitegemee sana kuwaona wakipandana. Madume ni wengi, malkia wachache, na kwa spishi nyingi malkia hupandwa mara moja tu. Kwa Bombus terrestris mbegu hupita katika dakika chache za mwanzo, lakini dume hubaki ameng'ang'ania, pengine nusu saa au zaidi, akiziba njia kwa kizibo chenye asidi ya linoleiki (aina ya asidi ya mafuta) kinachomkatisha malkia hamu ya dume mwingine. Ukiwakuta wawili hao wameanguka nyasini wameshikana, usiwatenganishe.

Baba yako