Barua kwa Mwanangu: Mtego wa Nondo Uko Mikononi Mwako

Tanga, Septemba

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi. Nimefika salama, bibi yako hajambo isipokuwa goti, na amenipokea kwa lawama zake za siku zote kwamba nimekonda. Nitakuwa hapa hadi Novemba ianze. Yale niliyokuambia mbiombio uwanja wa ndege nayaandika hapa sawasawa, maana najua ulikuwa unatikisa kichwa tu huku unaangalia simu. Mtego wa nondo, lile sanduku letu la taa la kunasia wadudu wa usiku, lenye trei za mayai ndani wajifiche, ni wako mpaka nirudi. Baba yako atakusaidia kuubeba, lakini kwenye majina usimtegemee. Kwake kila nondo ni "yule wa kahawia".

Vitu vitatu usivibadilishe hata kidogo: mahali, balbu na siku. Mtego ukae palepale kwenye zege mbele ya banda, balbu ileile ya wati 20, usiku wa Ijumaa. Wenzetu wa Garden Moth Scheme, ule mradi wa kuhesabu nondo wa bustanini, wanataka usiku mmoja kila wiki, Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na faida yote iko kwenye kupima kwa namna moja wiki hadi wiki. Ukiusogeza karibu na maua utapata wengi zaidi, kweli, lakini hesabu ya mwaka huu haitalinganishika tena na ya mwaka jana, na hapo tutakuwa tumewasumbua wadudu bure. Ijumaa ikija na dhoruba, washa Alhamisi au Jumamosi, kisha andika tarehe ya kweli. Tarehe ni ya jioni uliyowasha, hata kama umehesabu asubuhi yake.

Washa jua linapozama. Sasa hivi huko Uingereza, kwetu Reading, ni kama saa moja na robo. Saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua litakuwa limezama kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo usingoje mpaka umalize kula. Na taa ya mlango wa nyuma izimwe. Hiyo nimemwambia baba yako, lakini mkumbushe.

Kuamka ndiko kugumu. Lazima ufike kabla ya yule ndege robin anayewadonoa nondo, maana ameshaijua ratiba yetu na hamsubiri mtu achukue kalamu. Ukifika, funika mtego kwa shuka la zamani, uzime taa, halafu anza na walioko nje: ukuta wa banda, nyasi, chini ya meza. Wengi hawaingii ndani ya sanduku. Kisha inua trei za mayai moja moja na kuzigeuza taratibu. Kwa ubaridi ule nondo wengi hawaruki, wamejibanza kwenye vishimo vya trei. Anayejiandaa kuruka utamjua, anatetemesha mabawa papo hapo alipo, anapasha misuli moto. Huyo mfunike kwa kikopo kwanza, maswali baadaye. Ukimaliza, waachie mbali na mtego, ndani kabisa ya vichaka ambako ndege hawaoni.

Mwezi huu angalia nyigu. Wanalala ndani ya trei, na mavu wakubwa wa kule nao hufuata taa usiku. Vaa glavu zangu za bustani. Ukimkuta mavu, weka trei yake pembeni penye jua, ataondoka mwenyewe. Wale wenye miguu mirefu watakaokurukia usoni si nondo na hawaumi. Piga kelele kidogo ukitaka, kisha uendelee.

Sasa wenyewe. Yule tunayemwita Makelele, Noctua pronuba, utamsikia kabla hujamwona, anagonga kuta za sanduku na kuwavuruga wenzake wote. Mabawa ya mbele ni ya kahawia, ya nyuma ni ya manjano iliyokolea yenye ukingo mweusi. Mhesabu na umtoe yeye kwanza, amani itarudi.

Atakayekuchosha ni Omphaloscelis lunosa, ambaye Waingereza humwita Lunar Underwing. Viwavi wake hula nyasi, na bustani yetu zaidi ni nyasi, basi kuanzia katikati ya Septemba huenda akawazidi wote kwa wingi. Taabu ni kwamba hawafanani. Mmoja ana rangi ya majani makavu, wa pili mwekundu wa tofali, wa tatu anakaribia weusi, na mtu wa haraka ataandika spishi tatu. Rangi iache. Mtie kwenye kikopo, lete tochi kwa ubavu, utazame mishipa ya bawa la mbele. Imepauka, imejichora kwa mistari myembamba juu ya ile rangi nyingine, iwe nyeusi au ya majani makavu. Akikubali kufungua, bawa la nyuma limefifia na lina doa jeusi la umbo la hilali. Ukishamwona hivyo mara kadhaa hutahitaji kikopo tena, utamjua hata amekaa ukutani mbali nawe.

Oktoba idadi hupungua lakini uzuri huongezeka, na mimi nikiambiwa nichague mwezi mmoja wa mwaka ningechagua huo. Ndipo anapokuja Merveille du Jour, wa kijani kibichi mwenye michoro myeusi na myeupe, amevaa sura ya vile viukungu vinavyoota kwenye gome la mwaloni. Viwavi wake hula majani ya mwaloni, na ule mti mkubwa nyuma ya shule ndio unaotuletea. Atakuja pia Feathered Thorn, ambaye dume lake lina vipapasio vya manyoya vya kunusia jike gizani. Mtazame kwa lenzi kabla hujamwachia.

Mwishoni mwa mwezi utakutana na wale wa kijivu, wembamba, wenye mistari ya mawimbi. Hao ni kina Epirrita, na hapo nakuomba usijitie ujuzi. Kuna spishi kadhaa zinazofanana mno kiasi kwamba kwa kutazama bawa tu huwezi kuapa, mpaka mdudu apasuliwe na kuangaliwa viungo vyake vya uzazi, na sisi hatupasui mtu. Andika "Epirrita, kundi", basi. Rekodi ya kundi ni rekodi halali. Jina la kubahatisha linaharibu daftari zima, kwa sababu yule mzee anayehakiki rekodi za Berkshire, jimbo letu, akishakukuta na moja la uongo ataanza kuyatilia shaka na yale ya kweli. Ukiwa na mashaka, mtie nondo kwenye friji ndani ya kikopo, atulie, mpige picha akiwa kando ya rula, kisha mwachie jioni.

Usiku usio wa Ijumaa ukitaka kujifurahisha, nenda na tochi kwenye ule mtambaazi uliofunika ukuta wa nyuma. Huchanua Septemba na Oktoba, wakati maua mengine yanaisha, na nondo wa msimu huu hushiba pale. Au pika ule uji wetu wa sukari guru na molasi. Waingereza huutia bia au rumu. Sisi tunaponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zinachachuka zenyewe na nondo hawajawahi kulalamika. Upake kwenye mti kwa brashi wakati wa magharibi, urudi baada ya saa moja. Utakaowakuta huko waandike ukurasa mwingine. Usiwachanganye na wa mtego.

Halafu kuna sifuri. Utafika usiku mmoja wa Oktoba, mbingu safi, mwezi mpevu, umande unakaribia kuganda, na asubuhi utageuza trei zote usikute kitu. Najua utakavyofikiri: hakuna cha kuandika, nirudi kitandani. Andika. Andika tarehe, andika joto la chini kabisa la usiku ule kwenye kipimajoto cha banda, andika 0. Ukurasa mtupu haumwambii mtu kama nondo hawakuwepo au Rehema alilala. Na wale wa kawaida nao waandike wote kwa idadi, wala usiandike "wengi". Wengi ni wangapi? Kina Makelele thelathini ni kitu kimoja, mia ni kingine.

Nakusisitizia hivi kwa sababu ya jambo moja. Mwaka 2021 ilitoka ripoti iliyoonyesha kwamba wingi wa nondo wakubwa wa Uingereza ulishuka kwa asilimia 33 kati ya 1968 na 2017. Upande wa kusini, yaani huko kwetu Reading, asilimia 39, kaskazini 22. Zinatajwa sababu nyingi kwa pamoja: mashamba na misitu ilivyobadilishwa, kemikali, taa za usiku, hali ya hewa. Lakini hebu uliza hiyo asilimia ilipatikanaje. Ilitoka kwenye mitego ya taa ya kituo cha utafiti cha Rothamsted, kule Harpenden, iliyosambazwa nchi nzima na kuwashwa kila usiku, mingi ikiangaliwa na watu wa kujitolea. Mtu wa mwaka 1968 aliandika nondo waliokuwa wa kawaida kabisa machoni pake. Wale wa kawaida ndio walioonyesha upungufu. Angeandika wa ajabu tu, leo tusingejua lolote. Kwa hiyo ukimpata yule wa kijani furahi, ila wale hamsini wa kahawia ndio kazi.

Nikuambie na ya huku. Jana nilikuwa na bibi yako kwenye matuta ya matembele, akanionyesha jani lililobaki mshipa tu, na chini yake kiwavi mnene kuliko kidole changu gumba, mwenye pembe iliyopinda mkiani. Alikwisha kuinua kandambili. Nikamwomba anipe dakika moja. Tulipokuwa wadogo tulitishwa kwamba ile pembe inachoma, kumbe ni laini, haina lolote. Nikaigusa mbele yake akasema nimeharibikiwa huko Ulaya. Kiwavi yule akikua ni Agrius convolvuli, nondo mkubwa wa kijivu mwenye mistari ya waridi na nyeusi tumboni, na mrija wa kunyonyea mrefu kuliko mwili wake mwenyewe. Spishi ileile inayofika huko kwetu, Rehema. Anaishi Afrika nzima, na kila mwaka wengine huruka kutoka kusini mwa Ulaya na Afrika Kaskazini wakafika Uingereza, hasa kati ya Agosti na Novemba.

Ndiyo maana nilipanda yale maua meupe ya tumbaku chini ya dirisha la jikoni. Usiyakate, hata kama baba yako anasema yamechoka. Jioni yenye joto, upepo ukitoka kusini, simama pale giza linapoingia, utulie, tochi uifunike kwa karatasi nyekundu. Akija hatatua. Ataning'inia hewani mbele ya ua, ashushe mrija, anyonye, ahamie lingine. Anaweza asiingie kwenye mtego kabisa, kwa hiyo huyo ni wa macho, na mwandike na saa uliyomwona. (Kiwavi wa bibi nilimhamishia kwenye kigugu cha mtambaa wa porini nje ya ua. Bibi anajua. Matembele yake yamepona na mimi nimesamehewa nusu.)

Shangazi yako aliposikia tunawasha taa kunasa wadudu aliuliza kama tunawala. Nikamwambia hatuko Bukoba na hawa si senene. Akacheka, lakini akanielewa mara moja, kwa sababu aliishi Bukoba na anajua msimu wa senene watu wanavyosimamisha mabati na kuwasha taa kali usiku kucha. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini asubuhi tunawaachia.

Mambo madogo yaliyobaki. Balbu ya akiba iko kabati la chini ya ngazi, ndani ya soksi. Plagi ya usalama ichomekwe kila mara, mvua isikudanganye kwamba ni manyunyu tu. Jirani wa kushoto anaijua Ijumaa yetu, lakini ukiwasha siku nyingine mgongee mlango umwambie, ana mtoto mchanga na mwanga ule wa bluu unaingia chumbani kwao. Kila Jumamosi nitumie picha ya ukurasa wa daftari kabla ya adhuhuri, hata wenye sifuri. Huku mvua za vuli zikianza umeme utakuwa unakatika, basi nikichelewa kujibu usidhani nimekasirika.

Na ukimpata Merveille du Jour usinitumie picha. Nipigie video, mwache atembee mkononi mwako. Bibi yako anashikilia kwamba hakuna nondo wa rangi ile na kwamba picha za simu siku hizi zinatengenezwa.

Msalimie baba yako.

Mama yako