Kwa Afande, huko Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati

Tanga, Jumapili usiku

Afande,

Salaam aleikum, au Bwana asifiwe, chagua mwenyewe, maana siku hizi sijui nikuweke fungu gani. Huku wazima. Mama Chausiku na magoti yake, bei ya nazi usiniulize. Shemeji kajifungua mtoto wa kike. Watakupigia wenyewe, usiseme umelisikia kwangu.

Sasa lile la kwako. Umenyamaza miezi, halafu unanitumia sauti saa nane za usiku: eti ukiwa lindoni umeanza kusali, peke yako, humwambii mtu, je, umechanganyikiwa? Wewe! Uliyekuwa ukikoroma ibadani mpaka mzee wa kanisa anakufinya! Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Nimeona nikuandikie, kwa simu tungeishia kwenye mzaha.

Hujachanganyikiwa. Yuko mwenzako aliyepatwa na hayo, tena alipita maeneo ya huko huko ulipo. Anaitwa Ernest Psichari, Mfaransa, askari wa mizinga wa jeshi la makoloni. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Sangha ya juu na msafara wa Meja Lenfant. Babu yake mzaa mama ni yule Renan aliyeandika maisha ya Yesu mwaka 1863 akamfanya mtu tu, mwema, basi, na Kanisa zima likawaka moto. Kwa hiyo kijana kalelewa kwenye nyumba ya vitabu, ubatizo wa utotoni anao, ila imani hamna. Ujanani alifika mahali pa kutaka kujiua. Jeshi ndilo lililomshika mkono.

Mwaka 1909 wakampeleka Mauritania, akakaa huko mpaka 1912. Jangwa, ngamia, na askari wa Kimauri, wenyeji Waislamu wa huko, wanaolipwa na Ufaransa kuwasaka Wamauri wenzao. Mkoa wa Adrar ulikuwa ndiyo kwanza umetekwa. Hakukuwa na padri wala kanisa. Ikifika saa ya swala, wale askari wake wanashuka, wanapanga safu mchangani, na yeye bwana mkubwa anabaki juu ya ngamia hana la kufanya. Mmoja akamwambia, kwa maana hii: ninyi Wafaransa mna ufalme wa dunia, sisi Wamauri tuna wa mbinguni.

Afande, neno hilo lilimwingia. Usiku akawa anajiuliza Ufaransa yake ina nini cha kujibu. Rafiki yake Maritain, mwanafalsafa Mkatoliki, alikuwa Ufaransa akimwombea na kumwandikia. Aliporudi akaingia Ukatoliki, akapata kipaimara Februari 1913, akachagua jina la Paulo ili kulipia yale babu yake aliyomsema mtume huyo. Kitabu chake cha jangwani, *Le Voyage du centurion*, yaani Safari ya Akida, kilitoka 1916 yeye akiwa ameshazikwa. Akida ni yule wa Mathayo 8, "sistahili uingie chini ya dari yangu". Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikasirika.

Usinielewe vibaya. Sina kinyongo kwamba hakusilimu, hiyo ni kati yake na Mola wake. Wamauri wale wengi ni watu wa Kadiria, tarika ile ile ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, kwa hiyo nawaona kama watu wa mtaani kwetu. Wamemwashia taa, naye akaichukua akaenda kusomea barua yake. Sawa, taa haipungui. Ila hakuwauliza wanamwonaje! Anasifu swala yao, anawapenda kweli, na kesho yake anaendelea kuwatawala kwa bunduki, moyo mweupe kabisa. Kwake jeshi na Kanisa vilikuwa kitu kimoja, utaratibu mmoja. Mtu anaamshwa na sauti ya watu aliowakalia, anaitika kwa machozi, na bado hanyanyuki alipowakalia. Hapo ndipo ninapokwama. Halafu nasoma ukurasa anaopiga magoti, namwamini tena. Sijui. Mtu mwongo haandiki vile.

Alifia Rossignol, Ubelgiji, tarehe 22 Agosti 1914, vita vina wiki tatu tu. Alikuwa na miaka 30, na alikuwa anafikiria upadri.

Najua utasema wewe hukwenda kumteka mtu, una bereti ya buluu ya Umoja wa Mataifa, umetumwa kulinda. Kweli. Lakini bunduki ni ya kwako, wao hawana, na jioni mnarudi nyuma ya seng'enge. Sikulaumu, ndugu yangu, nani kati yetu angeenda? Nimelifikiria tu kwa sababu ulisema kinachokuamsha ni kuwasikia akina mama wakiimba alfajiri ng'ambo ya kambi. Ukaishia hapo, sauti ikakatika.

Haya, nijibu. Wanaimba nini? Umewahi kwenda kuwauliza, bila kombati, hata kwa Kifaransa hicho cha kubahatisha? Wale Waislamu waliojificha kwa askofu hapo mjini 2014 wakikimbia mauaji, kuna waliorudi majumbani kwao? Wanakuonaje? Unasali kwa maneno uliyofundishwa au unaropoka tu? Bado unaandika kwenye lile daftari jeusi, au umeliacha baada ya yule mwenzenu kukucheka? Nipigie picha kurasa mbili, zozote, hata zenye matusi. Mama yako nimwambie, au nisubiri? Maana ameshaanza kunihoji, na unajua mimi kwake sina siri ya zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

Na ile hela ya bati, tuma kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi ananitafuta.

Wako,
Mwalimu wa Kifaransa asiye na wanafunzi