Athmani, sanduku la Baba lisiguswe

Birmingham

Mdogo wangu Athmani,

Assalaam alaykum. Mfikishie Mama shikamoo yangu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Kazi ipo, baridi ipo, tuyaache hayo.

Pesa za bati nimeshatuma, zimeingia kwa simu ya Mama, si yako. Usinune. Ni kwa sababu ya ule ujumbe wako, kwamba nikichelewa utamwita mwenye mkokoteni achukue taa ya Baba ya kazi ya reli na vyuma vyake avipime kwa kilo. Neno lile lilinikaa rohoni, nikaondoka nalo mpaka Wales.

Jumamosi nilimchukua mwanangu Salim tukapanda treni hadi Tywyn, mji mdogo kando ya bahari. Pale ndipo inapoanzia reli ya Talyllyn. Nyembamba, upana wake haufiki sentimita 70, na ile ya kwetu ya zamani ni mita nzima. Ilijengwa 1865 kuteremsha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys huko mlimani. Machimbo yakaporomoka 1946 yakafungwa. Mwenye reli, Sir Haydn Jones, hakukubali kusimamisha treni mpaka mauti yalipomkuta 1950. Hapo nani asingesema vyuma vile ni vya kuuzwa? Lakini watu walikutana papa hapa Birmingham, Tom Rolt akiwa mbele yao, wakaamua kuiendesha wenyewe bila mshahara. Mwaka 1951 wakaanza, na injini iliyoweza kutembea ni moja tu, Dolgoch, iliyoundwa 1866. Duniani kote hakuna waliowatangulia kwa jambo hilo. Na Dolgoch ipo mpaka leo, Athmani!

Watu niliowaona kazini pale, wengi wao hawalipwi hata senti. Mwingine mstaafu, mwingine ameacha mapumziko yake ya wiki, wanakata magugu, wanasugua shaba, wanapaka rangi mabehewa. Treni ikapita juu ya daraja la Dolgoch, msitu huku na huku, polepole, moshi ukiingia dirishani. Nikamkumbuka Baba akirudi kutoka safari ya Nairobi, na Mama akiloweka ovaroli yake mbali na nguo zetu. Harufu si moja, hawa wanachoma makaa ya mawe na injini za Baba zilichoma mafuta mazito, lakini machozi yalinitoka.

Mwisho wa reli, Nant Gwernol, injini ilipokuwa ikihamishiwa upande wa pili wa treni, nilimwonyesha dereva ile picha ya Baba amesimama ubavuni mwa injini yake. Mzee yule aliijua mara moja! Nikamweleza kwamba Baba alikuwa mchochea moto kwenye zile injini za mvuke za aina ya 59, tani 252 kila moja, 34 kwa jumla, zote zenye majina ya milima, na zimeundwa Manchester, kwao wenyewe. Nikamwambia moja, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi. Aliwaita wenziwe, wakanizunguka kunisikiliza mimi, binti wa nyumba za reli Changamwe. Injini yao mbele ya ile ya Baba ni kifaranga. Salim aliishika simu akamtazama babu yake kituo kizima, na kabla hatujaondoka aliandikisha jina lake ajitolee kusafisha injini.

Basi nisikilize. Taa, filimbi, kofia na kile kitabu cha kanuni si vyako wala si vyangu. Mwanaisha naye aache kusema nataka kuvileta Uingereza. Vitakaa hapo hapo kwa Mama, na Salim atakuja kuvishika kwa mikono yake, inshallah Desemba. Taa ifute kutu kwa mafuta ya taa, usiisugue kwa msasa. Sanduku litoke chini ya dirisha linalovuja leo hii.

Bati ziwe geji 28, usikubali 32 hata wakikupunguzia bei. Anzeni na chumba cha Mama. Fundi akimaliza nipigie picha ya paa, na nyingine ya sanduku likiwa wazi, vitu vyote vionekane.

Dada yako,
Mwanajuma