Uchafu wa Karura unatoka kwetu huku juu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee juu ya msitu wa Karura, na siji kuulaumu, naupenda sana. Sisi wa mshahara wa kawaida hapa Nairobi hatuna mahali pengi pa kupeleka watoto Jumapili, lakini Karura unalipa getini, umebeba chapati na chai yako kwa thermosi, na watoto wanakimbia mpaka wanachoka wenyewe. Hekta zaidi ya 1,000 za miti jijini, kima wanaruka huko juu, ukibahatika unaona mbega na ule mkia wake mweupe, alafu unashuka njia ya mto mpaka kwa maporomoko na yale mapango ambayo wazee husema Mau Mau walijificha.

Sasa Jumapili iliyopita tulifika karibu na maporomoko nikasikia harufu kabla hata sijaona maji. Pale yanapoangukia kulikuwa na povu jeupe, kando limekauka likawa rangi ya chai, na kwa mizizi ya mti mmoja daipa imening'inia juu kuliko kichwa cha kijana wangu wa miaka 7, yaani hapo ndipo mto ulifika ile mvua kubwa. Ndege mmoja, fundichuma, amesimama juu ya jiwe anatazama maji tu. Kijana akanivuta mkono akaniuliza, mama, hii si ni ile povu ya kwetu?

Nilinyamaza kwa sababu ni kweli. Tunaishi huku juu upande wa Kiambu, mto unapita nyuma ya ploti kabla uingie msituni, na ploti yetu iko na bomba imetoka kwa shimo la choo mpaka mtoni, mvua ikinyesha usiku inafunguliwa. Kila mpangaji anajua na hakuna anayesema, kwa sababu lori la kunyonya choo ni pesa na tunaogopa hiyo pesa itaongezwa kwa rent. Takataka nazo, wiki ile wa kuzibeba hajakuja watu wanamwaga korongoni wanangoja mvua. Hata mimi nimewahi kumwaga, na naona aibu kuandika hivyo.

Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa misitu na mbuga za Kenya, na ndani ya Karura kwa njia huoni chupa ovyo, watu wanajitahidi. Lakini fensi haizuii mto. Mimi Jumapili nimeacha chupa nyumbani vizuri kabisa na majitaka ya choo changu yalishapita hapo usiku. Na hayaishii hapo, maji hayo yanaingia mto Athi, yanashuka mpaka yanaitwa Sabaki, yanamwagika baharini karibu na Malindi, kuna watu wa ng'ombe na mashamba njia yote hiyo.

Profesa Wangari Maathai alipigwa mpaka akatoka damu pale Karura Januari 1999 akitaka kupanda mti ili msitu usinyakuliwe. Ardhi ikabaki, ndio leo tunatembea na watoto. Mto ndio tunaua sisi, wapangaji na wenye ploti.

Kanuni za maji za 2006 zilikataza kujenga ndani ya angalau mita 6 kutoka pale mafuriko yalifika juu kabisa, na kuna vyumba hapa kwetu ukifungua dirisha unaweza tema mate mtoni. Ombi langu kwa maafisa wa afya ni moja, mje usiku mvua ikinyesha, mkija mchana mtapata bomba imezibwa na gunia na kila mtu atawaambia hajui kitu.

Sisi majirani watano tumeanza na korongo letu, Jumamosi saa mbili asubuhi. Magunia tunayo, glavu ndizo hazitoshi.

Mama wa watoto wawili,
Kiambu