Bibi, huku nako kuna mizimu

London, 27 Novemba

Kwa mke wangu Bibi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mumeo mdogo ni mzima, ila baridi imeshaingia mifupani na saa kumi alasiri huku giza limeshaanza kuingia. Naomba Mungu goti lako liwe limepata nafuu, na Asha akusomee barua hii polepole. (Asha, usiruke mistari. Nakujua.)

Sikukuu ya Mfunguo Mosi uliniuliza kwenye simu: "Hebu nambie, huko Uzunguni kuna mashetani, au umeme umeyafukuza yote?" Nikacheka, nikakwambia hakuna. Bibi, nilikudanganya bila ya kujua.

Unajua kazi yangu ni kusafisha maofisi usiku, karibu na daraja la London Bridge. Asubuhi moja nikitoka kazini, nikakata njia kupitia kichochoro kimoja kiitwacho Redcross Way. Mara nikakuta geti la chuma limefungwafungwa matambara na tepe za rangi hata chuma chenyewe hakionekani. Kuna manyoya ya ndege, shanga, wanasesere, kiatu cha mtoto mchanga kimening'inia kwa uzi, kimelowa mvua. Nikasimama. Fikra zangu zote zilikimbilia ule mzimu wa pwani, pale ulipokuwa ukinibana mkono na kunambia nishushe sauti, penye vitambaa vyeupe na vyekundu mtini na chupa tupu za marashi chini. Nikajikuta nimeshusha sauti na hali nilikuwa peke yangu.

Pale panaitwa Cross Bones. Ni makaburi ya watu waliokataliwa. Zamani upande ule wa mto ulikuwa chini ya askofu wa Winchester, na madanguro yakifanya kazi kwa idhini yake na kodi akichukua. Wanawake wale watu waliwabandika jina la bata bukini wa Winchester. Lakini mmoja wao akifa, ardhi ya kanisa haimpokei! Fedha yake halali, maiti yake haramu. Inasemekana wakizikwa hapo, na baadaye mafukara wote wa mtaa wakafuatia, hadi makaburi yakafungwa mwaka 1853 kwa kujaa pomoni. Wanakisia wamo watu 15,000 katika kiwanja ambacho kwetu ungepanda mihogo ukala na wanao basi. Miaka ya 1990, walipokuwa wakijenga njia ya treni ya chini kwa chini, wataalamu walifukua mifupa ya watu 148 tu, na wengi walikuwa watoto wadogo. Ndiyo maana ya kile kiatu.

Kila tarehe 23 ya mwezi watu hukusanyika pale getini jioni. Juzi nami nilikwenda. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja wa kizungu, koti zuri, mkoba wa kompyuta begani, anafunga tepe ya kijani. Vidole vilimganda kwa baridi, akashika ncha moja kwa meno akaikaza. Nikamuuliza kama yeye ni mtu wa dini. Akanambia, "Hapana, mimi siamini chochote." Kisha akalivuta fundo kuhakikisha halitofunguka.

Nilitaka kucheka, Bibi, lakini nikakumbuka mwaka wa 1995. Wewe wakumbuka zaidi yangu. Ramadhani ile, wote tumelala uani tumezunguka moto, mjini na mashamba hakuna anayethubutu kulala ndani, na wewe umekaa umeshika mchi wa kinu unamngoja yule shetani Popobawa aje umvunje hilo bawa. Mchana watu wakisema ni siasa tu, mwaka wa uchaguzi huu. Usiku hao hao wakitoka na mikeka.

Basi na wao walikuwa na popobawa wao. Kaskazini ya mji yapo makaburi ya Highgate, makubwa, miti imemeza mawe. Pakavuma kwamba humo mna mnyonya damu, kama mumiani wetu, ila huyu mwenyewe ni maiti. Ikafika Ijumaa ya tarehe 13 Machi 1970, habari ikatoka kwenye televisheni, na usiku ule ule umati ukamiminika kuparamia kuta na mageti kwenda kumsaka, polisi wakihangaika kuwazuia. Wazungu hao hao waliotuandikia kwenye vitabu vyao kwamba sisi ndio watu wa ushirikina! Tofauti ni moja tu: sisi wetu tulimkimbia nje, wao wao walimfuata ndani.

Ila aliyenitia baridi ya kweli si huyo. Yuko mzee mmoja, Jeremy Bentham, mwanachuoni, aliyekufa mwaka 1832 na mpaka leo hajazikwa. Mwenyewe aliusia hivyo. Mifupa yake imevishwa nguo zake mwenyewe, imeshindiliwa majani makavu, amekalishwa kwenye kiti ndani ya sanduku la kioo katika chuo kiitwacho University College London, kofia kichwani na bakora yake. Kichwa ni cha nta, kwa sababu cha asili kiliharibika walipokikausha. Wanafunzi wanapita mbele yake na vikombe vya kahawa. Nilisoma innalillahi nikatoka.

Na mwezi uliopita tulimzika mwenzetu mmoja wa Unguja kule Brookwood, nje ya mji, ambako Waislamu wana sehemu yao. Maiti huku hungoja siku nyingi, hilo sitakusimulia, litakuumiza. Tulipanda treni Waterloo, na kijana mmoja akatwambia kwamba zamani njia hii ilikuwa na treni ya maiti, tangu 1854 hadi mabomu ya vita yalipoivunja stesheni yake mwaka 1941. Maiti nao walikuwa na madaraja, la kwanza, la pili na la tatu. Wafiwa wakikata tiketi ya kwenda na kurudi. Jeneza likikatiwa ya kwenda tu. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika, ila nilimwona kila mmoja wetu akipapasa mfuko kuitafuta tiketi yake.

Sasa Bibi, nina swali, na usinigombeze. Ile kanga uliyonifungia vitumbua siku ya safari, nimechana kipande cha pindo, chembamba kama utambi. Siku ya 23 nilikwenda nacho mfukoni nikarudi nacho. Ustadhi wa msikiti wetu najua atasema nini, na ana haki. Lakini wale watoto hawana mtu. Nikifunge, au niwaombee tu kwa mbali nikapita? Mwambie Asha anitumie sauti yako kwenye simu, kabla ya tarehe 23.

Na akija mtu, nitumie ubani. Wa huku unanuka sabuni.

Ni mimi mumeo mdogo,
Hamad