Mwandishi wenu wa magari abebe viti vya watoto na mama mkwe

Ndugu Mhariri,

Wiki jana nilisoma kwenye ukurasa wenu wa magari makala ya kusifu magari ya kifahari ya familia. Nikamsomea mama watoto kwa sauti huku akimenya vitunguu. Mwandishi wenu alisifu injini, akasifu spika, akahesabu na sekunde ambazo gari hutumia kufika kilomita 100 kwa saa. Nilipomaliza, mama watoto akauliza, "Na huo mlango wa nyuma wafunguka mpaka wapi?" Nikairudia makala tangu juu hadi chini. Hamkuandika.

Swali hilo alilitoa kwenye machungu. Nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale bandari ya Kilindini miaka 22 kabla sijarudi kwetu Shela, Malindi. Magari niliyoyashughulikia makaratasi sina idadi yake, lakini mimi mwenyewe sijamiliki zaidi ya pikipiki. Mwaka huu mkwe wangu, anayefanya kazi Doha, akanipigia simu: "Baba, nataka gari zuri la watoto. Jipya au la mtumba, lolote lile. Nichagulie wewe, magari unayajua." Nilitaka kumwambia kwamba ninayoyajua ni makaratasi ya magari, na hicho ni kitu kingine. Lakini mzee akipewa heshima na mkwe, haikatai.

Kwenye orodha yake kulikuwa na Lexus RX na Volvo XC90. Rafiki zake wakamwongezea Land Cruiser Prado, maana hapa kwetu ukitaja gari kubwa kila mtu husema Prado, utadhani mengine yote hayakuundwa.

Dereva ni binti yangu. Ana pacha wa miaka 3, dada yao wa miaka 9, na bibi yao, yaani mama watoto, ambaye goti lake la kulia limeshaanza kumsumbua. Tukaenda sote Mombasa siku ya Jumamosi, kwa matatu, tukiwa na viti viwili vya pacha mapajani. Kijana wa yadi alipotuona tunashusha viti vya plastiki kwenye tuktuk alidhani tumekuja kumuuzia.

Tukaanza na Prado. Mama watoto aliinua buibui, akakanyaga ngazi ya pembeni, akashika mpini, akasema bismillahi, akapanda. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Aligeuka akatoa mgongo kwanza, mguu mmoja unatafuta ardhi hewani, kama mgema anayeshuka mnazi na kibuyu. Alipofika chini akasema, "Hili ni la wenye mashamba Marafa," na habari za Prado zikaishia hapo.

XC90 lilimpendeza, na mimi pia. Viti saba, na nilikwenda kukaa safu ya tatu mwenyewe nikatoka bila kulalamika. Hilo tulilolikagua lilikuwa na kiti cha katikati kinachoinuka sehemu yake, ili mtoto aliyeacha kiti cha plastiki akae juu na mkanda umpite begani, usimkabe shingo. Sikushangaa. Mkanda wa pointi tatu, huu tunaoufunga sote leo, aliubuni Nils Bohlin akiwa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wenzake wautumie. Watu hao wamelifikiria jambo la mtoto garini kwa muda mrefu.

Shida ni kwamba mimi naishi Malindi. Niliporudi nilipita gereji tatu nikiuliza nani anaweza kusoma kompyuta ya Volvo. Fundi wa tatu alifuta mikono kwa kitambaa akaniuliza, "Volvo? Lile lori?" Basi taa ya injini ikiwaka Jumatatu, binti yangu afunge watoto watatu, aende kilomita 120 hadi Mombasa, asubiri, arudi. Sisemi ni gari baya. Anayekaa Nyali, pale pale Mombasa, ana hesabu nyingine.

Tukabaki na RX. Ukubwa ni wa kadiri, na kiti chake cha mbele kiko usawa wa nyonga. Hupandi wala hushuki, wageuka tu ukakaa. Mama watoto alikaa, akatoka, akakaa tena, kisha akanyamaza. Nimeishi naye miaka 34. Kunyamaza huko ni kukubali.

Nyuma ndiko tulikotoa jasho. Viti vya pacha vilinasa vizuri kwenye zile pete za chuma zilizofichwa kwenye maungio ya kiti, kimoja kila upande. Katikati nikapima kwa mkono: shubiri moja na vidole vinne. Dada mtu akajipenyeza akakaa, akasema, "Babu, naenea." Alikuwa anaenea kweli, ila kifungo cha mkanda wake kilikuwa kimelaliwa na kiti cha pacha wa kushoto. Kila binti yangu akipitisha mkono, kifungo kinazama. Jua la saa sita, pacha mmoja analia, kijana wa yadi anatazama simu. Mwishowe binti yangu akavibadilisha viti, kile chembamba kikaja kushoto, mkanda ukalia "kap". Dakika 20 zilikwenda hapo. Mtu anayelikagua gari la familia peke yake, na miwani ya jua, hawezi kuligundua jambo hilo mpaka ameshalilipia.

Kuna RX nyingine ndefu, yenye L mwishoni, wanayoiita ya watu saba. Nilijaribu safu ya nyuma, magoti yakanikaribia kidevu. Ni ya watoto, tena wa safari fupi.

Sasa niseme kidogo juu ya fedha, maana ndiyo kazi yangu. Wengi hudhani ushuru hukatwa kwenye bei uliyomlipa Mjapani. La. Forodha huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, wakaipunguza kwa umri wake. Tuseme thamani wanayoipata ni shilingi milioni 1. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, jumla yafika 1,350,000. Gari la petroli la injini kama ya RX 300, ambayo ni lita 2, lina ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya jumla hiyo, yafika 1,687,500. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Kodi peke yake imeshakuwa 957,500, na ada ndogondogo bado. Yaani unanunua gari mara mbili, moja lako na moja la serikali. Ndiyo maana nilimwambia mkwe asihangaike na kupunguziwa dola 300 na muuzaji, ahangaike na hali ya gari.

Gari jipya lina dhamana na funguo mbili, na skrini yake huisomi kwa kubahatisha maandishi ya Kijapani. Hata redio: ya Japani huanzia 76 ikaishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka ufunge redio nyingine. Lakini hilo jipya lingemla mkwe wangu mkopo wa murabaha, ule wa benki za Kiislamu, wa miaka mingi, na chumvi ya Malindi haijali kama gari ni jipya. Niliona bora la mtumba lililokaguliwa kwa roho mbaya.

Roho mbaya hiyo nilifunzwa na yaliyompata mpwa wangu. Alinunua gari la Ulaya la watu saba kwenye yadi moja, sitaitaja. Dashibodi safi, hakuna taa hata moja inayowaka, akafurahi. Mimi pia nikafurahi, na hapo ndipo ninapojilaumu. Miezi minne baadaye fundi akamwonyesha. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stati, taa ya mifuko ya hewa lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Yake haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa ameinyamazisha ili isiseme ukweli. Mifuko ilishapasuka katika ajali ya zamani, na ndani ya usukani hamkuwa na kitu. Mwanawe wa miezi minane alikuwa akisafirishwa humo.

Kwa hiyo siku ile Mombasa, kijana wa yadi aliponiambia, "Mzee, kizuri chajiuza," nilimuuliza kama ni hivyo yeye analipwa mshahara wa nini, kisha nikamwomba ufunguo. Nikawasha swichi nikahesabu taa moja moja, zikawaka, zikazima. Nikavuta mikanda yote mpaka mwisho wake. Gari lililozama majini husafishwa kila mahali, lakini ule mwisho wa mkanda unaolala ndani ya ukuta hubaki na mstari wa tope. Nikasoma ubavu wa matairi: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nikainua zulia la buti, nikanusa. Mama watoto aliona haya, akajifanya hatujuani.

Nikaomba ile karatasi ya mnada wa Japani, ambayo mkaguzi hulipa gari alama na kuonyesha kasoro zake kwenye mchoro. Alama 4 au 4.5 yatosha, ukiona R, gari limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu, na kwetu hiyo ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Kuna magari yanayotoka Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukilileta la namna hiyo Malindi, lenye chumvi tayari chini ya tumbo, upepo wa kusi unamalizia tu. Nikalala chini juu ya boksi na tochi. Kisha nikalinganisha kilomita za dashibodi na zile zilizoandikwa kwenye cheti cha kulitoa gari Japani. Kijana akasema katika miaka yake pale hajaona mnunuzi kama mimi. Nilimwamini.

Palikuwa na RX ya haibridi pia, 450h, inayotumia petroli na umeme, na mkwe aliipendelea kwa kubana mafuta. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa na hewa inayovutwa ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya kiti hicho hicho, pale pale miguu ya watoto inapoishia. Wakati nawaza, pacha mmoja alikuwa akimenya mabuyu. Nikatazama kokwa zinaanguka, na mchanga wa ufuo wa Silversands kwenye makubadhi yake, nikaona nyumba isiyo na nidhamu ya kusafisha matundu hayo kila wiki haifai haibridi. Nyumba yetu naijua.

Mkwe akanunua RX 300 ya 2019, petroli, alama 4. Msomaji mwenye macho ameshahesabu: binti kwenye usukani, bibi mbele, watoto watatu nyuma. Mimi, niliyelala chini ya gari na tochi, sina kiti. Binti yangu aliligundua hilo tukiwa njiani kurudi, akataka kulia. Nikamwuliza ni siku ngapi kwa mwaka tunasafiri sote pamoja. Akahesabu Idi mbili na Maulidi ya Lamu. Kulisha viti viwili vya ziada mwaka mzima kwa safari tatu si hesabu ya karani.

Basi kwenye Maulidi wao walikwenda kwa gari, mimi nikapanda basi la alfajiri. Ni zaidi ya kilomita 200 mpaka Mokowe, wanakopandia boti za Lamu, na lami sasa ni nzuri, ingawa nisingependa mtu adanganywe na tangazo. Mvua za mwisho wa 2023 maji yalipofunika barabara pale Gamba, hata mabasi yalikwama; maji yale hayajui jina la gari. Nilipofika nikamkuta binti yangu anazungukazunguka kutafuta kivuli cha kuegesha. Hakikuwapo. Gari la mamilioni likabaki juani, upepo wa bahari unalipiga, na sisi sote tukapanda boti moja kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, ambako wenye njia ni punda.

Naomba mwandishi wenu, akipewa tena gari la kifahari la kujaribu, abebe viti viwili vya watoto na mama mkwe, aende nao mahali penye mchanga, ndipo aandike. Na kwa yeyote aliyekuwa na swali kama la mama watoto: mlango wa nyuma wa RX hufunguka kwa hatua, na ile ya mwisho inatosha kupitisha kiti cha mtoto bila kukiinamisha, mradi jirani hajaegesha karibu.

Karani mstaafu wa forodha,
Shela, Malindi